UZI: C3 na C4 zikishuka nini kinaendelea? Mfumo wa komplimenti, inflamesheni na magonjwa yake

#1 Seramu56

Wakuu, salaam.

Kwenye kliniki za figo na za lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), C3 na C4, protini mbili za mfumo wa kinga uitwao komplimenti, ni vipimo vya kila wiki, lakini maelezo yanayomfikia mgonjwa mara nyingi ni maneno mawili tu: "kinga imeshuka". Akitoka hapo anaenda kununua vidonge vya kupandisha kinga. Naomba tuliweke sawa jambo hili. C3 iliyoshuka mara nyingi haina maana kwamba kinga imelala. Maana yake ni kwamba inawaka, na inatumika kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuitengeneza. Tangi likipungua maji, usikimbilie kulaumu pampu kabla hujatafuta panapovuja.

Tuanze na mfumo wenyewe. Komplimenti ni protini zaidi ya 30, nyingine zinaelea kwenye damu, nyingine zimekaa juu ya seli. Nyingi zinatoka kwenye ini. Mwaka 1895 huko Paris, Mbelgiji Jules Bordet aliona kwamba seramu ya mnyama aliyechanjwa inaua bakteria wa kipindupindu, lakini ukiipasha moto hadi nyuzi 55 hivi inaacha kuua. Ukiiongezea seramu mbichi ya mnyama ambaye hakuwahi kuchanjwa, inaua tena. Kwa hiyo vitu ni viwili: kingamwili, ambayo inastahimili moto, na kitu kingine kinachoikamilisha kazi yake, ambacho moto unakiua. Hicho cha pili ndicho Paul Ehrlich alikipa jina la komplimenti, yaani kikamilisho. Bordet alipata Nobeli ya mwaka 1919. Kila mtu wa maabara anayeweka seramu kwenye maji ya nyuzi 56 kwa dakika 30 kabla ya kufanya VDRL (kipimo cha kaswende) anarudia jaribio lile lile: anaiua komplimenti isimharibie kipimo.

Inawashwa kwa njia tatu:

Ya kwanza ni njia ya kale. C1q, sehemu ya protini C1, inashika kingamwili iliyokwisha kunasa antijeni (kitu inachokilenga). IgM moja (IgM na IgG ni aina za kingamwili) iliyojikunja juu ya shabaha yake inatosha. IgG lazima ziwe kadhaa zimekaribiana, na IgG1 na IgG3 ndizo zenye nguvu. IgG4 haiwashi kabisa.

Ya pili ni njia ya lektini. Protini iitwayo MBL na ndugu zake fikolini zinatambua sukari zilizo kwenye ngozi ya kijidudu. Hapa kingamwili haihitajiki.

Ya tatu ni njia mbadala, na hii ndiyo inayosahaulika. Haisubiri kuitwa. C3 inafunguka yenyewe kidogo kidogo muda wote ndani ya damu, na kipande chake C3b kinajibandika kwenye uso wowote kilichoukuta. Kikitua kwenye seli yako, breki zinakizima. Kikitua kwenye kijidudu kisicho na breki, kinamshika faktori B, faktori D anamkata B, na hapo kimezaliwa kimeng'enya C3bBb kinachokata C3 nyingine. Kila C3 iliyokatwa inaweza kuzaa kimeng'enya kingine. Ndiyo maana hata moto ulioanzia njia ya kale, sehemu kubwa ya mwako wake unaishia kuongezwa na njia mbadala.

Njia zote zinakutana kwenye C3, kisha C5. C5 ikikatwa inatoa vipande viwili. C5b inakusanya C6, C7, C8 na C9 nyingi (hufika 18) kutoboa tundu lenye upana wa nanomita 10 hivi kwenye utando wa seli. C5a ndiyo mpiga mbiu: inaita nyutrofili (chembe nyeupe za damu), inazifanya zimwage sumu zao, inalegeza kuta za mishipa midogo maji yavuje, na pamoja na C3a inazifanya seli za masti zitoe histamini. Joto, wekundu, kuvimba, maumivu: hiyo ndiyo inflamesheni. Nasema inflamesheni makusudi, maana "uvimbe" kwa Kiswahili chetu unabeba mpaka wa saratani.

Breki nazo zina majina: C1-inhibita, C4BP, faktori H na faktori I kwenye damu, CD46, CD55 na CD59 juu ya seli. Magonjwa mengi ya komplimenti ni hadithi ya breki iliyokatika, au ya kichocheo kisichoondoka.

Karibuni tuchambue.

#2 Mwanafunzi_MD4

Asante sana mkuu, njia mbadala nilikuwa naikariri bila kuielewa. Swali: hiyo C3bBb inadumu muda gani? Kama inajizalisha hivyo, mbona hatuungui wote?

#3 Seramu56

Yenyewe peke yake inavunjika nusu kwa takriban sekunde 90. Propadini, protini inayoiimarisha, ikiishika, inadumu mara kadhaa zaidi. Faktori H na CD55 zinaivunja mapema zaidi, kisha faktori I anaikata C3b isitumike tena, akisaidiwa na H au CD46.

Ukitaka kuona breki zina thamani gani, angalia sumu ya swila. Ndani yake kuna protini inayofanana sana na C3b. Ikimshika faktori B inaunda kimeng'enya ambacho faktori H haiwezi kukigusa, nacho kinadumu nusu yake kwa saa 7 hivi badala ya sekunde 90. Watafiti wamekitumia kwa miongo mingi kumaliza C3 yote ya mnyama wa maabara. (Protini hiyo siyo inayoua mtu aliyeumwa na swila. Kinachoua ni sumu nyingine zilizomo.)

#4 benchi_la_damu

Uzi mzuri. Naongeza upande wa sampuli, kwa sababu nusu ya mabishano ya C3 na komplimenti kwa jumla yanaanzia kwenye tyubu.

Tofautisheni vipimo vitatu, kila kimoja kina sampuli yake.

C3 na C4 kama kiasi cha protini. Chukua tyubu ya kofia nyekundu au ya njano yenye jeli, acha igande dakika 30, zungusha, tenga seramu. Mashine inapima ukungu unaotokea kingamwili ya kitendanishi inaposhikana na C3. Viwango vinavyotumika sana kwa mtu mzima ni C3 gramu 0.9 hadi 1.8 kwa lita, na C4 gramu 0.1 hadi 0.4 kwa lita, ila soma kiwango cha mashine yako. Seramu inakaa kwenye friji siku chache bila shida kubwa. Lakini ikichakaa, C3 inavunjika kuwa vipande vidogo, na baadhi ya vitendanishi vinavisoma vipande hivyo kwa nguvu zaidi. Jibu linapanda kwa uongo. Mgonjwa aliyepungukiwa anaonekana mzima.

CH50, yaani kama mfumo mzima unafanya kazi. Hapa seli nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili zinawekwa kwenye seramu ya mgonjwa, tunaangalia ni seramu kiasi gani inapasua nusu yake. Kipimo hiki hakisamehe. Seramu itengwe haraka, na kama hupimi siku hiyo, igandishwe nyuzi hasi 70 ndani ya saa 2 hivi. Friza ya kawaida ya hasi 20 haitoshi. Ikiyeyuka njiani na kugandishwa tena, umeshaipoteza. EDTA (dawa ya tyubu inayozuia damu isigande) hairuhusiwi kabisa, kwa sababu inanyonya kalsiamu na magnesiamu, na bila hizo C1 haiungani na C3bBb haiundiki. Utapata sifuri kwa mtu mwenye afya.

Vipande vya mwako: C3a, C5a, C5b-9 ya kwenye damu. Kinyume chake! Hapa EDTA ndiyo inayotakiwa, kofia ya zambarau, tyubu iingie kwenye barafu hapo hapo kitandani, izungushwe kwa baridi, plazima igandishwe hasi 80. Ukitumia seramu, damu inavyoganda inaendelea kuiwasha komplimenti ndani ya tyubu, na unachopima ni moto ulioanzishwa na tyubu.

#5 Mganga_wa_Wilaya

benchi_la_damu, mashine yetu karatasi yake inasema EDTA inakubalika kwa C3. Tuache?

#6 benchi_la_damu

Usiache, mkuu. Kwa C3 na C4 kama kiasi cha protini, mashine kadhaa zinakubali plazima ya EDTA, fuata karatasi ya kitendanishi chako. Nilichokataza ni EDTA kwenye CH50. La msingi ni hili: mgonjwa anayefuatiliwa miezi na miezi apimwe kwa aina ile ile ya sampuli na kwenye maabara ile ile. Kubadilisha maabara katikati kunakutengenezea "mabadiliko ya ugonjwa" ambayo hayapo.

#7 Mganga_wa_Wilaya

Nimekuelewa. Sasa naweka mfano wa kujadili. Mtoto wa miaka 7, uso umevimba asubuhi, mkojo rangi ya kahawa, presha 140/95, miguuni kuna makovu ya vidonda vya upele vya mwezi uliopita. C3 0.3, C4 0.22. ASO (kingamwili dhidi ya streptolisini O, sumu ya bakteria streptokoki) iko ndani ya kiwango. Kuna aliyeandika "si streptokoki kwa sababu ASO ni ya kawaida". Mnasemaje?

#8 Dkt_Glomeruli

Mganga, aliyeandika hivyo ameteleza kwenye ASO. Streptokoki ya ngozi haipandishi sana ASO, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaizima streptolisini O kabla mwili haujaitengenezea kingamwili za kutosha. Kipimo kinachofaa baada ya vidonda vya ngozi ni anti-DNase B. Muda pia unakaa sawa: baada ya koo, figo huugua wiki 1 hadi 3 baadaye, baada ya ngozi, wiki 3 hadi 6.

C3 chini na C4 ya kawaida inakwambia mwako mkubwa uko njia mbadala. Vifurushi vya antijeni na kingamwili vinakwama kwenye vichujio vya figo, C5a inaita nyutrofili, nyutrofili zinaharibu kichujio, damu na protini vinapita kwenye mkojo, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda.

Matibabu ni ya kuegemeza, na usiyadharau, kwa sababu kinachomuua mtoto huyu ni presha na maji. Punguza chumvi na maji ya kunywa, frusemaidi miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, dhibiti presha, pima uzito kila asubuhi, angalia potasiamu. Kama bado kuna vidonda, mpe penisilini kuondoa bakteria ili asiwaambukize wenzake, ila haitarudisha figo nyuma. Steroidi hazihitajiki kwenye sura ya kawaida ya ugonjwa huu.

Kisha andika kwenye kadi, kwa herufi kubwa: RUDIA C3 WIKI YA 8. Hiki ndicho kinachosahaulika. C3 ya streptokoki inarudi kwenye kiwango ndani ya wiki 6 hadi 8. Damu ya kuonekana kwa darubini kwenye mkojo inaweza kubaki miezi, hiyo haitishi. Lakini C3 ikiwa bado chini baada ya wiki 8 hadi 12, hiyo si streptokoki tena. Fikiria glomerulopathia ya C3, ambapo breki za njia mbadala zimeharibika, mara nyingi kwa sababu mwili umetengeneza kingamwili inayoishikilia C3bBb isivunjike. Huyo anahitaji biopsi ya figo (kipande kidogo cha figo cha kupima), ikiwemo upimaji wa rangi zinazong'aa (immunofluorescence), si kusubiri.

#9 Mwanafunzi_MD4

Kwa hiyo sheria ni: C3 chini, C4 kawaida ni streptokoki. Zote chini ni lupasi. C4 peke yake ni anjioedema ya kurithi (kuvimba kwa ghafla kunakorithiwa). Nimepatia?

#10 Dkt_Glomeruli

Ni mwanzo mzuri, ila usiifunge hivyo. Zote mbili chini inaweza kuwa lupasi, inaweza kuwa maambukizi ya vali za moyo yanayoendelea, inaweza kuwa krayoglobulini (protini zinazoganda kwenye baridi) za hepataitisi C, na inaweza kuwa ini limechoka au mtoto ana kwashiakoo na hakuna protini ya kutengenezea. Hapo tu ndipo tatizo ni pampu, siyo uvujaji. Angalia albumini (protini ya ini) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kabla hujaita lupasi.

Jambo la pili: C3 na C4 zinapanda kwenye inflamesheni yoyote, kwa kuwa ini linaongeza uzalishaji. Mgonjwa wa lupasi mwenye nimonia anaweza kusoma C3 0.95, ukasema yuko salama, kumbe anatengeneza nyingi na kuchoma nyingi. Mjamzito ndivyo hivyo. Ujauzito unapandisha C3 na C4, kwa hiyo C3 "ya kawaida" kwa mama mwenye lupasi aliye na wiki 28 inaweza kuwa tayari imeshuka. Linganisha na namba yake mwenyewe ya mwanzo wa mimba.

Kwenye lupasi kuna jambo linalowachanganya wengi. Komplimenti inateketeza figo, lakini mtu aliyezaliwa bila C1q karibu hakika atapata lupasi. Sababu ni kwamba kazi moja ya C1q ni kufagia mabaki ya seli zilizokufa. Mabaki yasipofagiliwa, mwili unayaona kama adui na kuyatengenezea kingamwili. Kwa hiyo mfumo uleule unazuia ugonjwa usianze, na ukishaanza unauchochea.

Kivitendo: kingamwili dhidi ya dsDNA (DNA ya mwili wenyewe) zikipanda huku C3 na C4 zinashuka, usibadilishe dawa kwa karatasi peke yake, lakini pima mkojo kila anapokuja: kijiti, na uwiano wa protini kwa kreatinini. Mkojo ukianza kuonyesha protini, muda wa kupiga simu kwa mtu wa figo ni siku hiyo hiyo.

#11 Mlezi_wa_Vali

Kuhusu C4 chini peke yake, naongeza kwa wanaokaa chumba cha dharura. Mgonjwa anavimba midomo, uso au koo, au anapata maumivu makali ya tumbo, bila vipele vya kuwasha, na adrenalini, hidrokotisoni na antihistamini hazimsogezi. Fikiria upungufu wa C1-inhibita. Kinachomvimbisha ni bradikinini, si histamini. Linda njia ya hewa mapema, na kama hakuna dawa maalum, plazima iliyogandishwa inatumika kwa kuwa ina C1-inhibita ndani yake. Muulize dawa za presha: enalapril, captopril na lisinopril ziondolewe moja kwa moja. C1q ikiwa chini pia kwa mtu mzima asiye na ndugu wenye tatizo hilo, tafuta limfoma.

#12 Nesi_Wodi3

Naomba kuuliza kuhusu homa ya uti wa mgongo. Niliwahi kusoma kwamba anayeugua mara mbili apimwe komplimenti. Kwa nini meningokoki tu na si bakteria wengine?

#13 Seramu56

Dada, swali zuri sana. Bakteria wengi tunawaua kwa kuwapaka C3b halafu nyutrofili zinawameza. Wenye ukuta mnene, kama nimokoki, tundu la C5b-9 haliwafikii hata hivyo. Naiseria (meningokoki na gonokoki) wana utando mwembamba wa nje, na tundu hilo ndilo silaha yetu kuu dhidi yao. Aliyezaliwa bila C5, C6, C7, C8 au C9 ana C3b za kutosha, anapambana vizuri na karibu kila kitu kingine, isipokuwa hawa. Upungufu wa propadini nao unaleta hatari hiyo hiyo, na unarithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo wavulana ndio wanaougua.

Dalili za kushtuka: meningokoki ya kwanza ikija kwa kijana badala ya mtoto mchanga, ikirudi, ikiwa ya kundi lisilo la kawaida sehemu hiyo, au ikiwa ndugu wawili wameugua miaka tofauti. Pima CH50 pamoja na AH50, ambayo ni CH50 ya njia mbadala na inatumia seli za sungura. Zote sifuri: kinachokosekana ni C3 au kati ya C5 na C8. (C9 ikikosekana, CH50 inashuka lakini haifiki sifuri.) CH50 sifuri na AH50 nzuri: C1, C2 au C4. CH50 nzuri na AH50 chini: propadini, B au D.

Usipime mgonjwa akiwa mahututi. Sepsisi inateketeza komplimenti ya mtu yeyote. Subiri wiki kadhaa apone. Na ukiletewa sifuri, rudia kwa sampuli mpya iliyotunzwa kama benchi_la_damu alivyoeleza kabla hujamwambia mtu ana ugonjwa wa kurithi.

Hakuna cha kuwaongezea, kinachosaidia ni chanjo ya ACWY inayorudiwa kila baada ya miaka 5 (mtoto mdogo dozi ya kwanza ya kurudia ni baada ya miaka 3), chanjo ya B inapopatikana, na kuwaambia ndugu kwamba homa kali ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Seftriaksoni isisubiri maji ya uti wa mgongo.

#14 benchi_la_damu

Narudi na jambo la benki ya damu, maana hapa komplimenti inaua kwa dakika.

Mnapofanya grupu ya nyuma (kupima seramu ya mtu kwa seli za A na B zinazojulikana) kwa seramu mbichi, kingamwili ya A au B inaweza kuiwasha komplimenti mpaka mwisho, seli za kipimo zikapasuka badala ya kushikana. Ukitazama tyubu, hakuna punje zilizogandamana. Fundi mwenye haraka anaandika "hasi". Tazama tena, dhidi ya mwanga: maji ya juu yamekuwa mekundu angavu na kile kitufe cha seli chini kimepungua au hakipo. Kupasuka ni CHANYA, nguvu kuliko kushikana. Hali hiyo hiyo ikitokea kwenye krosi-mechi (kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa), damu hiyo haitoki. Ukitumia plazima ya EDTA kupasuka hakutokei, utaona kushikana kwa kawaida.

Damu isiyolingana ikiingia kwa mgonjwa, ni kipimo hicho hicho ndani ya mishipa yake. C5a inaangusha presha, hemoglobini inamwagika, figo zinaziba, damu inaanza kuganda ovyo. Dakika 15 za kwanza nesi asiondoke. Maumivu ya kiuno, baridi, wasiwasi wa ghafla, mkojo mwekundu: funga damu, badilisha seti nzima, weka dripu ya maji ya chumvi (normal saline), linganisha jina kwenye chupa na kwa mgonjwa palepale, tuma sampuli mpya ya EDTA ya grupu na Kumbsi (kipimo cha kingamwili au komplimenti iliyobandika seli nyekundu), izungushe uone kama plazima ni ya waridi.

Na Kumbsi ya moja kwa moja ifanywe kwa EDTA. Damu iliyoganda ikakaa kwenye friji, kingamwili za baridi zinaiwasha komplimenti ndani ya tyubu na unapata C3d (kipande cha C3 kinachobaki juu ya seli) chanya ya uongo.

Ikiwa C3d chanya ni ya kweli na IgG ni hasi, waza aglutinini za baridi (kingamwili zinazogandamanisha seli nyekundu kwenye baridi). Utazikuta kwanza kwenye hesabu ya damu: seli nyekundu chache kupindukia, hemoglobini haifuatani nazo, MCHC (wingi wa hemoglobini ndani ya seli nyekundu) imepanda kupita 37. Weka tyubu nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, irudishe kwenye mashine bado ina joto. Namba zikijipanga, umepata jibu. Mgonjwa afunikwe, damu ipitishwe kwenye kipasha damu. Kuondoa wengu hakusaidii sana hapa, seli zilizopakwa C3b zinakamatwa zaidi na ini.

#15 Mganga_wa_Wilaya

Hapo kwenye kupasuka ni chanya, nitakibandika ukutani. Dawa za kuzuia komplimenti je? Tunazisikia tu.

#16 Dkt_Glomeruli

Ya kwanza ilikuwa ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2007 kwa PNH, ugonjwa ambao komplimenti inapasua seli nyekundu. Kwenye PNH, seli mama ya uboho imepata hitilafu kwenye jeni PIGA, seli zake zinazaliwa bila mshipi wa kushikilia CD55 na CD59. Seli nyekundu zinatembea bila breki. Mkojo mweusi asubuhi, LDH (kimeng'enya kinachomwagika seli zikipasuka) juu sana, damu kuganda sehemu zisizo za kawaida kama mishipa ya ini. Kipimo ni saitometria ya mtiririko, na kisomwe kwenye nyutrofili na monositi, kwa sababu seli nyekundu alizoongezewa juzi zitakudanganya.

Ekulizumabu inaikamata C5 isikatwe. Kwa PNH ya mtu mzima: miligramu 600 kila wiki kwa wiki 4, 900 wiki ya 5, kisha 900 kila baada ya wiki 2. Kuchelewa siku kadhaa kunaweza kurudisha mpasuko. Na kwa sababu C3 inaendelea kujipaka kwenye seli zisizo na breki, wengine hubaki na upungufu wa damu, C3d ikiwa chanya. Ndiyo sababu zikaja pegsetakoplani inayozuia C3 (2021) na iptakopani ya kumeza inayozuia faktori B (2023).

Ukifunga C5 umemfanya mgonjwa awe kama yule aliyezaliwa bila nayo. Chanjo za meningokoki angalau wiki 2 kabla ya dozi ya kwanza, na hata akichanjwa hayuko salama kabisa, ndiyo maana wengi huwekewa penisilini V ya kila siku. Hii inahusu Afrika moja kwa moja, kuanzia ukanda wa homa ya uti wa mgongo, Senegali mpaka Ethiopia, na pembezoni mwake.

Kwa bei ya dawa hizi, wengi wetu tutakutana na aHUS (komplimenti kuharibu mishipa midogo, hasa ya figo) bila kuwa nazo. Seli nyekundu zilizokatika vipande, chembe sahani chini, kreatinini juu, Kumbsi hasi. Mama aliyejifungua akaambiwa ni HELLP (tatizo la ujauzito linalogusa ini na chembe sahani), na baada ya saa 72 chembe sahani hazijaanza kupanda na figo zinazidi: mfikirie huyu, na fikiria TTP (damu kuganda kwenye mishipa midogo kwa kupungukiwa kimeng'enya ADAMTS13). C3 ya kawaida haiiondoi aHUS. Chukua sampuli za komplimenti na ADAMTS13 kabla ya plazima, maana mfuko wa plazima unaleta C3 na faktori H za mtu mwingine na utapima za mchangiaji. Kisha badilisha plazima kama mashine ipo, la sivyo mpe plazima mililita 10 hadi 20 kwa kilo, ukiangalia mapafu yasijae maji.

#17 Mwanafunzi_MD4

Na malaria? Haijatajwa na ndiyo yetu.

#18 Seramu56

Inahusika sana. Seli nyekundu zina kipokezi CR1, kinachoshika vifurushi vyenye C3b na kuvisafirisha hadi ini na wengu vikaondolewe. Falsiparamu, kimelea cha malaria kali, anakitumia kama mlango: protini yake PfRh4 inakishika ili aingie kwenye seli, na seli zilizoambukizwa zinakitumia kujishikiza na seli nzima, yale mashada yanayoziba mishipa midogo. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba aina mojawapo ya CR1 iliyoenea Afrika, Sl2, iliambatana na kinga dhidi ya malaria ya ubongo, na jirani yake McC(b) iliambatana na hatari zaidi. Na kwenye watoto wenye upungufu mkali wa damu magharibi mwa Kenya, seli nyekundu zilikutwa na CR1 na CD55 pungufu, hali inayorahisisha kumezwa. Inaeleza kwa nini hemoglobini inashuka kuliko idadi ya vimelea inavyoweza kueleza, maana seli zisizo na kimelea pia zinaondolewa.

#19 Nesi_Wodi3

Asanteni sana. La mwisho: mgonjwa akiuliza ale nini au anywe nini C3 ipande, tumjibu nini?

#20 Dkt_Glomeruli

Mwambie hakuna kidonge wala juisi ya kupandisha C3, na asinunue. Kama ni mtoto mwenye utapiamlo, chakula kitaipandisha pamoja na protini zake zote. Kwa wengine, C3 inapanda chanzo kikizimwa: lupasi ikitibiwa, vali ikisafishwa, streptokoki ikipita. Mpe tarehe ya kurudia kipimo, aje na majibu ya zamani, na siku hiyo alete mkojo wa asubuhi.

Mgonjwa wa lupasi asiache haidroksiklorokwini kwa sababu amejisikia nafuu. Na dawa za mitishamba zisizojulikana zilizomo ndani yake, hasa kwa mwenye figo zilizokwisha guswa, aache leo.